Nani kasema, na alikuwepo? Nusu siku Tongoni na Mwalimu

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nitaieleza huko mbele, maana ina sababu na sababu yenyewe si ndogo.

Huduma ni ziara ya nusu siku kwenye magofu ya Tongoni, kama kilomita 17 kusini mwa jiji la Tanga kwa barabara ya Pangani. Anayeiongoza ni mwalimu mstaafu wa historia. Aliniomba nisiandike jina lake mtandaoni, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu. Hana kampuni, hana fulana yenye nembo. Ana mwavuli mkubwa mweusi, mkoba wa turubai, na karatasi alizozitia plastiki steshenari ili jasho na umande visizile.

Mkiwa wanne au zaidi ni Sh 20,000 kwa kichwa. Ukienda peke yako ni Sh 60,000, na hiyo naona ni kubwa kwa mwanafunzi au mtu wa kipato cha kawaida, bora utafute wenzako. Bajaji mnachangia wenyewe. Kiingilio cha serikali mnalipa pale pale kwa simu, mnapewa namba ya malipo na risiti inatoka. Mnakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu na soko la Mgandini, mnakunywa chai ya tangawizi na vitumbua, na hivyo vimo ndani ya bei. Sisi tulikuwa watano: mimi, shangazi yangu aliyetoka Dar es Salaam, mdogo wangu wa kiume na wenzake wawili wa chuo.

Niseme na mimi ni nani, msomaji ajue napima kwa kipimo gani. Ni karani wa mahakama. Kutwa kazi yangu ni kuandika maneno ya watu: huyu kaona kwa macho yake, yule kaambiwa na shemeji yake, wa tatu kasikia kilabuni. Ukikaa muda mrefu kwenye kazi hiyo, habari isiyo na mwenyewe inakukera kama mchanga ndani ya wali. Nimewahi kuzungushwa kwenye magofu mengine ya pwani hii na kijana aliyetutajia mpaka rangi ya matanga ya Waajemi siku waliyotua. Nilipomuuliza ameyapata wapi, akasema ndivyo historia inavyosema. Nililipa, nikarudi nyumbani na hasira.

Na nina langu ndani ya habari hizi. Upande wa mama tunajiita Washirazi, yaani wenye asili ya Shiraz, mji wa Uajemi. Bibi alikuwa akituambia tumekuja na majahazi saba, baba na wanawe sita. Nimekua na maneno hayo, nimeyapenda, na kwa miaka mingi nimetaka mtu anieleze yametoka wapi bila kunidharau na bila kunidanganya. Wengi huchagua moja kati ya hayo mawili.

Mwalimu hakuanza na makaburi. Alitupeleka kwanza ufukweni kwenye mikoko, maji yakiwa yameshatoka, akatuuliza paa za nyumba za bibi zetu zilibebwa na mti gani. Shangazi hakungoja: boriti. Hapo ndipo ilipotoka karatasi ya kwanza. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, mtu wa Fars huko Uajemi, anaeleza mji wa Siraf kwenye Ghuba ya Uajemi na kusema nyumba zake zimejengwa kwa msaji na kwa miti iletwayo kutoka nchi ya Zanji. Zanji ndiko huku kwetu, jina walilotupa mabaharia na waandishi wa Kiarabu na Kiajemi. Pwani ile ya Siraf ni kame, mti mrefu ulionyooka haupatikani. Siraf ilitajirika kwa bahari mpaka tetemeko la ardhi la mwaka 977 lilipoivunja, na kuanzia 1966 mpaka 1973 wanaakiolojia waliifukua mitaa yake. Shangazi akasema baba yake alikuwa akipakia boriti kwenye majahazi ya Waarabu kusi ikianza. Mwalimu akatoa kalamu na daftari palepale, akamwuliza ilikuwa bandari gani, na miaka ya nini, na je, shangazi mwenyewe alikuwa akienda kuangalia au alihadithiwa. Aliandika majibu yote. Nilimpenda tangu dakika ile.

Karatasi zake zina kitu ambacho sijakiona kwa mwongoza watalii mwingine yeyote. Juu ya kila moja amechora visanduku vitatu: aliona lini, aliandika lini, nakala tunayoisoma ni ya lini. Kisha jina la msemaji na mji alikotoka. Tulipoitazama ya Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, kisanduku cha kwanza kilikuwa kimejaa. Huyu alisafiri mwenyewe mpaka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanaona ni Pemba, hapa ng'ambo yetu. Safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917. Anawataja wenye chombo, watu wa Siraf. Anasema amepita bahari nyingi, ya China, ya Rumi (Mediterania), ya Khazar (Kaspi), na hakuona yenye hatari kama bahari ya Zanji. Shahidi wa macho, anasema alichokipata yeye.

Ya Ibn Battuta ilikuwa na visanduku vinavyopingana kidogo, na Mwalimu akatufundisha kusoma pengo lile. Alipita pwani hii mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa, akaendelea hadi Kilwa. Lakini habari zake alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy huko Fez, Moroko, zikakamilika karibu mwaka 1355. Zaidi ya miaka ishirini imepita kati ya macho na kalamu. Tukaambiwa tusimtupe kwa sababu hiyo. Tukumbuke tu kwamba ni mzee anakumbuka ujana, tena kinywa ni chake na mkono ni wa mwingine. Wenzangu wa mahakamani wanajua maelezo ya aina hii, tunayaandika kila wiki.

Kisha akatandika mbili kwa pamoja juu ya ukuta mfupi. Hapo moyo wangu ulianza kwenda mbio, maana niliona neno Shiraz. Moja ni ya João de Barros, mwandishi Mreno, iliyochapwa Lisbon mwaka 1552. Barros hakuwahi kufika pwani hii, alifanyia kazi maandishi yaliyomfikia Ureno. Ya pili ni tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake, kwa Kiarabu, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, na nakala yake iliyopo ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, sasa imehifadhiwa London. Zote mbili zinamtaja Ali bin al-Hasan aliyetoka Shiraz. Baada ya hapo zinaachana njia. Kwa Barros, Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa ajili ya mama yake, Mhabeshi, akaondoka Hormuz na merikebu mbili. Katika ile ya Kiarabu, mfalme wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma anatoboa ukuta wa mji, akajua nchi itaharibika, akaondoka na wanawe sita katika merikebu saba, kila moja ikatia nanga mahali pake: Manda, Mombasa, Pemba, Kilwa, mpaka Anjouan kule Komoro. Na kisiwa cha Kilwa kikanunuliwa kwa nguo.

Majahazi saba ya bibi. Yalikuwa pale kwenye plastiki, yakiwa na mwaka wa nakala. Nikamwambia Mwalimu kwamba bibi yangu hakujua kusoma Kiarabu wala Kireno.

"Mwanangu," akasema, "bibi yako kakupa alichopokea, tena kakikamata vizuri. Sasa ona kisanduku cha pili. Kati ya safari yenyewe na kalamu kuna kama miaka mia tano. Wewe karani, shahidi kama huyu unamwandikaje?"

Nikasema namwandika kama alivyosema, nasubiri ushahidi mwingine.

Basi akaleta ushahidi mwingine. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 11 za Wafatimi, watawala wa Misri. Ndani ya zile za fedha limo jina la Ali bin al-Hasan. Kabla ya hapo wapo waliomweka Ali huyo karibu na mwaka 1200, na wengine wakiona ni hadithi tupu. Sarafu zikamsogeza nyuma na kumpa uzito. Hazisemi alitoka Shiraz. Zinasema palikuwa na mtawala Mwislamu wa jina hilo, akipiga sarafu zake mwenyewe kwenye pwani hii. Halafu Machi 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Kenya na Tanzania, mwaka 1250 hadi 1800. Wengi walikuwa na asili mbili. Wa upande wa Asia walitoka zaidi Uajemi, nao karibu wote walikuwa wanaume. Upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo wale saba walikuja kuoa." Mwalimu akasema wale saba, sarafu haziwajui, lakini waliokuja na kuoa, ndiyo, wapo mifupani.

Kama ziara ingeishia hapo ningeona pesa yangu imerudi. Lakini bado hatujaingia msikitini.

Magofu yenyewe yanahitaji macho ya karibu, maana kwa mbali unaona mawe na majani tu. Kuna msikiti uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, mihrabu yake bado inasomeka, na makaburi yapata arobaini, mengine yana nguzo. Makaburi ya nguzo ni ya pwani ya Afrika Mashariki. Nenda Kaole karibu na Bagamoyo utayakuta, panda mpaka Somalia utayakuta. Ukienda Shiraz kwenyewe huyakuti. Mwalimu alilisema hilo akiwa ameweka kiganja juu ya nguzo moja, kisha akatuonyesha vishimo vya duara kwenye uso wake, mahali palipopachikwa mabakuli ya kaure. Nilitia kidole kwenye kimoja. Chokaa ndani ni laini, na pembeni imebaki alama ya mdomo wa bakuli, umbo kamili, kana kwamba fundi amelitoa jana. Mabakuli yameondoka, mikono iliyoyachomoa haijulikani.

Kuna kaburi ambalo Richard Burton, alipopita hapa mwaka 1857, aliandika kwamba lina kigae cha Kiajemi chenye maandishi ya Kiajemi. Usitegemee kukiona. Mwalimu hakutuonyesha tundu na kusema lilikuwa hapa, ingawa angeweza na tungemwamini. Alituonyesha karatasi ya Burton, kisanduku cha kwanza kimejazwa, akasema mahali penyewe hawezi kuapia.

Vijana, kusema kweli, walikuja kwa ajili ya majini. Aliyekulia Tanga anajua sifa tulizopewa, na Tongoni ina makaburi, mibuyu na bahari. Tukiwa mbele ya mihrabu mmoja wao akauliza kwa adabu:

"Mwalimu, samahani. Wanasema usiku humu majini huswali jamaa. Ni kweli?"

"Nani kakwambia?"

"Watu, Mwalimu."

"Nitajie mmoja tu."

"Kuna dereva wa bodaboda."

"Yeye aliwaona?"

"Aliambiwa na mjomba wake."

"Mjomba yuko wapi tumuulize?"

"Alishafariki."

Mwalimu hakumcheka, wala hakumkemea kwa mambo ya imani. Alikaa juu ya jiwe, akatoa karatasi iliyochakaa kuliko zote, na sauti yake ikabadilika. Ilikuwa ya Abu'l-Fazl Bayhaqi. Mtu huyu alizaliwa mwaka 995 katika wilaya ya Bayhaq, Khorasan, mashariki mwa Uajemi, na kazi yake ilikuwa ukarani. Alikaa ofisi ya barua ya masultani wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, miaka 19 chini ya mkuu wake Abu Nasr Mushkan, akiandika barua za dola na kujiwekea nakala. Uzeeni akakaa chini kuandika tarehe ya masultani wale kwa Kiajemi, juzuu kama thelathini. Zilizobaki ni chache, hasa za utawala wa Sultani Mas'ud, 1030 hadi 1041. Nakala zake za barua zilipotea angali hai, na ndani ya kitabu analia kwa ajili ya nakala hizo kama mtu anayelilia bustani iliyokatwa.

Bayhaqi anasema habari za zamani ni za aina mbili: unazisikia kwa mtu au unazisoma kitabuni. Ukizisikia, msimulizi awe mwaminifu na mkweli, na juu ya hapo akili ishuhudie kwamba habari ni sawa. Lakini watu wengi, anasema, wanapenda zaidi yasiyowezekana, habari za majini na mazimwi ya jangwani, milimani na baharini. Anatoa mifano ya hadithi za wakati wake. Mtu anakusanya watu na kusimulia kwamba waliona kisiwa baharini, watu mia tano wakashuka, wakapika, moto ulipokolea ardhi ikaondoka, kumbe walikuwa juu ya samaki. Au bibi kizee mchawi kamgeuza mtu punda, bibi mwingine akampaka mafuta masikioni akarudi kuwa mtu. Hizo, anasema, ni za kuwaletea usingizi wajinga wanaposomewa usiku.

Kijana aliyeuliza swali alicheka mpaka akashika ukuta, maana ile ya punda anaisikia mtaani kwao Barabara ya Nane mpaka leo, na mafuta yamo. Kisha akatulia na kuuliza swali zuri kuliko lile la kwanza: huyu Bayhaqi mwenyewe tutamwaminije, si alikuwa mtu wa sultani?

Hapo tulihamia chini ya mbuyu na Mwalimu akatusimulia kifo cha Hasanak. Nataka nikieleze kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike maoni haya.

Hasanak alikuwa waziri wa Sultani Mahmud wa Ghazni. Mahmud alipofariki mwaka 1030, waziri alisimama na mtoto mmoja, kisha kiti kikachukuliwa na mtoto mwingine, Mas'ud. Wakamtafutia kosa. Zamani akirudi kutoka hija alipokea joho la heshima kutoka kwa khalifa wa Kifatimi wa Misri, hasimu wa khalifa wa Baghdad. Basi wakasema ni Karmati, katoka kwenye dini. Aliyekuwa akisukuma jambo hili ni mkuu mmoja, Bu Sahl Zawzani. Hukumu ilitekelezwa Balkh mwaka 1032. Bayhaqi alikuwapo mjini na kalamu yake. Anaeleza mavazi, anaeleza Hasanak alivyovuliwa nguo na kusimama mikono imeshikana, mwili mweupe na uso mzuri, watu wote wakilia. Ikatoka amri apigwe mawe. Hakuna aliyenyanyua mkono, hasa watu wa Nishapur waliokuwa wakilia kwa uchungu. Ndipo wahuni wakapewa pesa warushe mawe, na wakati huo mtu mwenyewe alikuwa ameshakufa, mnyongaji alimkaza kamba shingoni. Akaachwa mtini karibu miaka saba. Mama yake alipopata habari hakupiga mayowe. Alilia kwa namna ambayo waliokuwapo walilia damu, kisha akasema mwanawe alikuwa mtu mkubwa kweli, mfalme kama Mahmud alimpa dunia hii na mfalme kama Mas'ud akampa ile nyingine.

Sasa jibu la kijana. Bu Sahl alimtesa Bayhaqi pia. Bayhaqi alipoandika, Bu Sahl alikuwa ameshafariki, hakuna wa kumjibu wala wa kumzuia. Karani yule mzee anaanza simulizi kwa kusema hivi, kwa maana yake: mtu huyu alinitenda vibaya, lakini amekwenda kujibu matendo yake, na mimi sitaandika neno la chuki, wasomaji wasije wakasema aibu kwa mzee huyu. Na kweli, anamtaja Bu Sahl kuwa mtu wa ukoo na mwenye elimu kabla ya kutaja shari iliyokuwa katika tabia yake.

Nilimwomba Mwalimu arudie sehemu hiyo. Nimeandika maelfu ya kurasa za maelezo ya watu na sijapata kuelezwa kazi yangu vile. Kuna siku unaandika ushahidi wa mtu unayemjua kwa ubaya wake, na mkono unataka kuteleza kidogo, neno moja tu, hakuna atakayejua. Karani wa Ghazni alijua jambo hilo karibu miaka elfu iliyopita.

Baada ya hapo jua lilikuwa limeshapanda na habari za Wareno tulipewa kwa dakika chache sana. Inasikitisha, kwa sababu shahidi wa macho wa eneo hili aliyemo mkobani ni mtu wa msafara wa Vasco da Gama: Aprili 1498 merikebu yao São Rafael ilikwama kwenye miamba huku Mtangata, jina la zamani la eneo hili, wenyeji wakawaletea machungwa ambayo Wareno waliyasifu kuliko ya kwao, na Januari 1499 walirudi na kuichoma moto merikebu hiyo hiyo kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Ningekubali kupunguza robo saa ya chai ili tusimame ufukweni na habari hiyo.

Kasoro nyingine ndogo: herufi za karatasi ni ndogo mno, shangazi alisomewa zote. Hakuna pa kukaa ila mawe, mzee mwenye magoti aje na kigoda chake. Watoto wa chini ya miaka kumi watachoka.

Ile nyota sasa. Mkoba mzima ulikuwa na boriti, pembe, sarafu, ndoa na misikiti. Hapakuwa na karatasi hata moja ya watumwa. Na ipo, tena ya mwanahistoria mkubwa kuliko wote tuliotajiwa. Al-Tabari, mzaliwa wa Amol huko Tabaristan mwaka 839, aliyefariki Baghdad 923, ameandika kwa urefu maasi ya Wazanji ya mwaka 869 hadi 883 kusini mwa Iraki. Watumwa waliokuwa wakikwangua udongo wa chumvi kwenye mabwawa karibu na Basra waliinuka chini ya Ali bin Muhammad, wakajenga mji wao al-Mukhtara, na mwaka 871 wakaiteka Basra. Wanahistoria bado wanabishana ni wangapi kati yao walitoka pwani yetu. Lakini Tabari alikuwa hai wakati huo, na mmoja wa wasimulizi wake wakubwa, Muhammad bin al-Hasan, aliishi upande wa waasi. Anamtaja kwa jina, tena na tena, kabla ya habari. Msimulizi ana jina na alikuwepo, na hicho ndicho Mwalimu anachotudai sisi wote. Huwezi kutuonyesha merikebu zilizobeba boriti kwenda Ghuba ukanyamaza juu ya watu waliobebwa humo humo.

Nilimwambia hivyo tukirudi, kwa heshima. Akasema wageni wengine huja na watoto, na wazee wengine hawapendi kuguswa hapo. Nikamwambia Bayhaqi hakumficha Hasanak kwa kuwa habari inauma. Alinyamaza mpaka tukapita njia ya kuingia mjini, kisha akaniuliza kama ofisini tuna kompyuta, akasema yeye ataitafsiri na kuihakiki habari ya Tabari, na mimi nimchapie karatasi yake. Nimeshachapa. Ina visanduku vyake vitatu, na nimezichapa upya nyingine zote kwa herufi kubwa ambazo shangazi anaweza kuzisoma bila miwani. Ya Basra hajaitumia bado na wageni. Ameniambia ataijaribu kwanza na kundi la wanafunzi wa sekondari.

Kumpata: waulize madereva wa bajaji pale soko la Mgandini, sema unamtaka Mwalimu wa Tongoni. Mpigie siku mbili kabla, aangalie majedwali ya maji kujaa na kutoka, maana bila maji kutoka hampati kuingia mikokoni. Chukua maji ya kunywa, kofia, na viatu vinavyofunika vidole kwa ajili ya miiba. Mkiwa na mzee anayekumbuka majahazi, nendeni naye. Daftari la Mwalimu lina nafasi.